Ampu za taa za zamani: kapasita za pawa zibadilishwe zote kabla ya kuwasha, au ziachwe mpaka zife zenyewe?

Wadau habari zenu, naleta hii mada kwa sababu jumamosi tumebishana sana kijiweni kwetu hapa Majengo, Moshi, na hatukuelewana. Kuna mzee wetu ana ampu ya gitaa ya taa (zile valvu za kioo zilizotumika kabla ya transista), ya miaka ya 60, imekaa stoo zaidi ya miaka 20 na sasa anataka kuiwasha aisikie tena. Mi nikamwambia shikamoo mzee, naomba usiichomeke hiyo kitu, tubadili kapasita za pawa kwanza, zile zinazotunza na kulainisha umeme wa ndani ya ampu. Mafundi wenzangu wawili wakanijia juu. Mmoja anasema ukigusa orijino umeua thamani na sauti, mwingine anasema kama haijavimba na ampu haiungurumi basi ni nzima, usitafute ugonjwa.

Msimamo wangu ni zitoke zote, kabla ya kuwasha.

Hizi kapasita sio kama rezista jamani. Ndani kuna foili ya alumini yenye utando mwembamba sana wa oksaidi, na karatasi iliyolowana kimiminika, utando ndo unazuia umeme usipite. Ikikaa miaka bila umeme utando unadhoofika, na kimiminika kinakauka taratibu hata kama ampu imefungiwa kabatini. Sasa wewe unachomeka ukutani 230, transfoma inapandisha, kapasita inakula volti 400 na kitu kwa mkupuo, ikivujisha inapata moto na ikipata moto inavujisha zaidi mpaka inapiga shoti. Na haifi peke yake! Inaondoka na taa ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), na kama mtu alifunga kipande cha waya kwenye fyuzi, transfoma nayo imekwenda. Nimeletewa ampu ya kwaya hali hiyo hiyo, waliiwasha siku ya mazoezi ikaimba vizuri kama dakika kumi hivi, halafu moshi. Kapasita ilikuwa safi kwa nje, maana yale makopo ya zamani mengi hayavimbi juu kama hizi za kwenye TV. Niliumia sana kwa sababu kusuka transfoma upya ni gharama kuliko kapasita zote ukijumlisha.

Kuhusu sauti, ampu ilipotoka kiwandani kapasita zilikuwa mpya, na sauti ile ndo orijino. Kapasita iliyokauka inakupa besi legevu na muungurumo, huo ni ugonjwa wala sio uzee wa heshima.

Ila yule wa thamani namwelewa. Ndo maana kopo la zamani silitoi, nakata waya tu linabaki juu ya chesisi kama lilivyokuwa, mpya nazificha chini, na chochote nilichotoa nakiweka kwenye mfuko nampa mwenye mali. Taa, transfoma na kapasita za njia ya sauti sigusi kama zinapima vizuri.

Wapo pia wanaosema pandisha umeme pole pole kwa variaki (transfoma ya kurekebisha volti kwa mkono) utando ujijenge upya. Ni kweli unajijenga, ila kimiminika kilichokauka hakirudi. Mi mwenyewe nawasha mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwenye njia ya umeme unaoingia kwenye ampu (siriizi), ile ya waya sio ya LED, lakini hiyo ni kinga tu, haiponyi kitu.

Na vijana acheni kuweka kapasita ya maikrofaradi 100 sehemu ya 32 mkidhani pawa itaongezeka, taa ya rektifaya kama GZ34 mwisho wake ni maikrofaradi 60, ukizidisha unaichosha kila ukiwasha. Pia za 400V za kunyofoa kwenye TV mbovu usiziweke kwenye laini ya volti 430, kwanza zimeshachoka. Halafu kabla hujaingiza mkono, chomoa, pima kwa mita, shusha chaji kwa rezista sio kwa bisibisi. Umeme unabaki mle hata ukizima, na huo unaua mtu.

Ampu ya mzee iko mezani kwangu, haijachomekwa. Nyie mnaosema tuziache, mmeshawasha ngapi zilizolala muda huo na zikadumu? Na mwenye kujua duka la spea lenye kapasita za maikrofaradi 33 kwa 500V za kweli, sio lebo tu, aniambie maana huku Moshi nimezunguka wiki nzima.