Vinyozi, wasusi na mafundi kucha, tupeane uzoefu: tukio gani lilikufanya ubadilishe usafi wa vifaa vyako?

Wadau, habari za jioni. Mimi ni kinyozi, Temeke, huu mwaka wa 9. Naomba tuambiane ukweli, maana watu wanatuachia vichwa na ngozi zao bila hata kuuliza.

Langu ni hili. Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 5, nikamnyoa. Baada ya kama wiki 3 akarudi naye, akamvua kofia: mapunye matatu utosini, magamba meupe, nywele zimekatika. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kaka, mashine yako unaisafishaje?" Nikamwonyesha: napuliza spiriti, nawasha kiberiti, moto wa bluu unapita, basi. Usiku ule nikafungua meno ya mashine juu ya karatasi nyeupe, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Zikadondoka nywele za watu sijui wangapi, zimegandana na mafuta na unga wa ngozi. Kumbe moto wangu ulikuwa unapita juu juu. Siwezi kuapa kwamba mtoto aliyapata kwangu, lakini alimeza vidonge wiki 6 (mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake) na nusu ya gharama nilitoa mimi.

Sasa kila nikimaliza kichwa napiga mswaki meno yote, nafuta mafuta, ndipo spiriti ya asilimia 70, naiacha ikauke yenyewe. Nimenunua mashine ya pili, moja ikikauka nyingine inanyoa. Karibuni.

#2
Asante kaka kwa kusema wazi. Natengeneza kucha, Mwanza. Nilimkata mteja pembeni ya kidole gumba, damu tone moja, nikafuta kwa pamba, nikaendelea na mteja mwingine kwa mkasi uleule. Mwezi huohuo dada yangu alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana homa ya ini B. Muuguzi akatueleza kwamba kirusi hicho kinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili na bado kikaambukiza, hata damu ikiwa imekauka huioni. Nililia pale pale, mawazo yote kwenye ule mkasi.

Nimepima, niko salama, chanjo nimemaliza dozi 3. Vyuma naviosha kwanza kwa sabuni na brashi, kisha jiki. Ile ya asilimia 3.5 naweka kipimo 1 kwa maji vipimo 6, dakika 10, nasuuza na kukausha, vikilala humo vinashika kutu. Nachanganya upya kila asubuhi. Vya kukata ngozi nachemsha dakika 20 tangu maji yatokote. Wembe ni wa mtu mmoja, ukitoka hapo unaingia kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Mzoa taka naye ana mikono.

#3
Niko Marekani, saluni ya kucha. Wenye viti vya miguu vinavyozungusha maji, tafadhali fungueni kile kichujio. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitoka majipu miguuni. Nyuma ya vichujio vya mabeseni kulikuwa kumejaa nywele na mabaki ya ngozi, bakteria wamezaliana humo. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa hatarini zaidi, kwa hiyo mimi mteja aliyenyoa leo namwomba aahirishe.

#4
Mimi ni mteja tu. Skrabu ya uso niliacha siku nilipomwona binti akinifuta kwa taulo lenye unyevu, linanuka poda ya mtu mwingine. Nikamwuliza, akainamisha kichwa: mwenye saluni kampa mataulo 4 kwa siku nzima. Wenye saluni, nunueni mataulo. Yule binti hana kosa.

#5
Mleta mada, na kile kisanduku chenye taa ya bluu? Nimeambiwa kinaua kila kitu.

#6 (mleta mada)
Ndugu yangu, mwanga unafika pale unapomulika tu. Kitana chenye nywele na mafuta ukikiingiza humo, kivuli chote kinabaki na vijidudu vyake. Mimi nacho, natunzia vifaa ambavyo nimeshaviosha.