Mayai ya geko chui: lipi viza, lipi zima, na hilo viza nilitupe lini?

madoa_meusi
Wakuu habari. Jike la geko chui (aina ya mjusi wa kufugwa), gramu 52, miezi 14, lilikaa na dume siku tano. Usiku wa kuamkia leo limetaga mayai mawili. Moja jeupe, limekaza. La pili laini, linanata, limebonyea ubavuni na lina umanjano. Tena yameshikana. Yapo kwenye vermikulaiti (chembe za madini mepesi zinazoshika unyevu), nyuzi 28 za Selsiasi. Hilo laini nilitupe? Likiota kuvu halitaharibu mwenzake?

tochi_ndogo
Mkuu, kwanza usiyatenganishe. Ganda la geko chui ni kama ngozi, si gumu kama la kuku. Ukivuta, utachana lililo zima.

Hilo la pili lina dalili zote za viza. Yai lenye mbegu hutoka laini, kisha ndani ya saa chache hukaza na kuwa jeupe kama chaki. Viza hubaki limelegea kama mfuko wa maji. Ila usilihukumu leo, maana hata yai zima hubonyea chombo kikiwa kikavu.

Subiri siku 7, ndipo ulimulike. Zima taa ya chumba, chukua tochi ndogo ya LED isiyopata moto, igusishe ubavuni mwa yai bila kulinyanyua. Yai lililo zima huwaka rangi ya waridi, na ndani utaona kiduara chekundu chenye vijishipa vyembamba vinavyotambaa kama mizizi. Viza huwaka manjano matupu, hakuna mshipa hata mmoja.

Na tia alama ya penseli juu ya kila yai sasa hivi. Baada ya kama saa 24 kiinitete hujishikiza kwenye ganda. Yai likigeuka, kinaweza kufa. Mayai haya hayageuzwi kama ya kuku.

unyevu_kiasi
Kuhusu kuvu: yai hai huhimili kuvu ya jirani yake. Hatari kubwa ni viza kupasuka na kulowesha kila kitu. Kwa kuwa yameshikana, liache hapo hapo, futa kuvu kwa kijiti cha pamba kavu, na likivuja, toa vermikulaiti iliyolowa kwa kijiko uweke nyingine. Kama yangekuwa mbalimbali, ungetoa viza mara tu mwanga ukithibitisha.

Maji yapime kwa mizani, usikadirie kwa jicho: vermikulaiti gramu 100, maji gramu 80 hadi 100. Ukiikamua mkononi isidondoshe hata tone. Fukia yai nusu tu. Fungua kifuniko mara moja kwa wiki hewa ibadilike, na ukiona matone yananing'inia juu ya mayai, yafute. Tone linaloangukia yai lile lile kila siku linaweza kuliua.

Nyuzi 28 zitakupa majike zaidi, kwa takriban miezi miwili. Kwenye 32 madume huongezeka na muda hupungua hadi kama siku 40. Zisikae juu ya 35, viinitete hufa.

mama_kwanza
Naomba tumkumbuke na jike. Geko hutaga hata bila kuona dume, na mtago wa kwanza mara nyingi una viza, kwa hiyo usikimbilie kulirudisha dume. Jike huhifadhi mbegu. Mtago unaofuata, wiki 2 hadi 4 kutoka sasa, unaweza kuwa mzima wote. Ikifika mitago mitatu ya viza tupu, kagua huyo dume: awe na mstari wa vitundu wenye umbo la V mbele ya tundu la haja, na vivimbe viwili nyuma yake. Wengi wamefuga majike mawili bila kujua.

Yai viza nalo hunyonya kalsiamu ya jike. Kisahani cha unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 kikae ndani muda wote, na wadudu wapakwe wenye D3 kwa ratiba. Akichimba siku kadhaa bila kutaga, au yai moja likibaki linaonekana kupitia ngozi ya tumbo naye amelegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimkamue tumbo.

madoa_meusi
Nimemulika siku ya 8. Jeupe lina kiduara na mishipa. Laini ni manjano tupu.

tochi_ndogo
Safi. Sasa hilo jeupe liache. Siku za mwishoni likitoa jasho na kubonyea, usilitupe ukidhani limekufa: mtoto yuko mbioni kulikata ganda.