Mbona lugha ya usawa wa rangi Afrika Kusini imebadilika hivi toka Mandela?

Wakuu, nimesikiliza tena hotuba za Mandela, 1964 kizimbani anasema amepinga utawala wa weupe na wa weusi pia, 1994 ni taifa la upinde wa mvua, halafu ukimsikiliza Malema, yule mwanasiasa mwanzilishi wa chama cha EFF, ni kuchukua ardhi ya weupe bila fidia tu. Nini kimebadilika?

Jibu 1:
Mkuu umemruka Mbeki, makamu wa rais wa Mandela. 1998 alisimama bungeni akasema nchi ile ni mataifa mawili, la weupe wenye nacho na la weusi maskini, yaani miaka 4 tu baada ya uhuru lugha ishageuka.

Jibu 2:
Mandela alikua anazuia vita jamani. 1995 kwenye fainali ya raga alivaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya raga, namba 6 ya kapteni mgongoni, jezi ambayo weusi wengi waliichukia, na mimi hadi leo ile picha inanigusa sana. Ila kijana aliyezaliwa 1994 hakuuona ule ubaguzi wa kisheria, anachokiona ni ardhi na ajira, sasa umwambie msamaha atakuelewa?

Muuliza swali:
Hapo kwenye ajira nimekuelewa mkuu.