Eti "weka miu 2000 tu"! Yule mkongwe leo kavuka mpaka

Povu la Koili: Wakuu, mnamjua, sitaji jina. Yule anayejibu uzi kabla hajausoma. Mtu anaiga kitransfoma cha chaja kwenye kompyuta, kaleta mkunjo mzima wa B-H (uga wa sumaku ndani ya chuma, B, dhidi ya msukumo wa koili, H), nukta 24, kauliza kwa nini solva, yaani programu inayokokotoa uga, inakwama. Jibu: "Weka miu 2000 tu." Yaani tupa mkunjo, chukulia chuma kinapitisha sumaku mara 2000 ya ombwe siku zote. Na kicheko juu!

Haya, tuhesabu. H ikifika ampea 5,000 kwa mita, miu yake inakupa tesla 12.6. Kwenye chuma cha silikoni, ambacho karibu na tesla 2 kimeshashiba na kinabeua! Mashine za MRI hospitalini nyingi ni 1.5 au 3, yeye 12.6 anayo kwenye kitransfoma cha chaja. Akiwasha, vijiko vya mtaa mzima vinamfuata.

Na ukimtii, mkondo unatoka sine safi kama wa kitabuni. Hamoniki ya tatu (wimbi la ziada la masafa mara tatu) hamna, mkupuo wa mkondo wakati wa kuwasha hamna. Sasa unaiga nini? Halafu hiyo "tu". TU!

Nukta Sifuri: Punguza povu mkuu. Mkunjo wenyewe umeishia tesla 1.7, mbele ya hapo solva inaunyoosha bapa. Mteremko sifuri, na Newton-Raphson, njia ya solva ya kukisia na kusahihisha, hugawanya kwa mteremko; sasa agawanye kwa kitu gani? Urefushe polepole mpaka mteremko ufikie miu ya ombwe, 4π×10⁻⁷. Na ulainishe kona, la sivyo ataruka huku na huku mpaka kiama.

Povu la Koili: Sawa, lakini "weka miu 2000 TU"??

Siti ya Mbele: 😂😂 Kamuumiza kweli. Mimi kero yangu ni wanaochora mizunguko 800 waya mmoja mmoja. Kama hutafuti hasara za ndani ya waya, chora bonge moja, uipe idadi ya mizunguko, basi. Laptop inalia kama blenda bure.

Bati Jembamba: Afadhali hao. Kuna wanaochora kiini kipande kimoja badala ya bati za mm 0.35, halafu wanashangaa mikondo ya eddy (mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe) imekula kila kitu. Chuma kizima, 50 Hz, upitishaji umeme 2×10⁶ S/m, miu 2000: uga unapenya mm 1.1. Meshi yao, yaani vipande ambavyo solva inakatia mchoro? Mm 5!

Nukta Sifuri: Miu ngapi umesema?

Bati Jembamba: Mfano tu jamani.

Siti ya Mbele: "Tu" nyingine hiyo, mwiteni mwenye uzi 😂

Mgeni Kwenye Uga: Samahani wakuu, trapezoidi (njia ya kukokotoa hatua kwa hatua ya muda) inanitetemea, volti zinapanda na kushuka kila hatua.

Nukta Sifuri: Hatua ya muda?

Mgeni Kwenye Uga: Ms 2.

Nukta Sifuri: Duara la 50 Hz ni ms 20, wewe unalipiga picha 10! Anza na ms 0.1. Ikiendelea kutetemeka, hamia Euler ya nyuma, njia nyingine inayotuliza mitetemo.

Mgeni Kwenye Uga: Asante. Kwani ni meshi au wavu?

Bati Jembamba: Wavu ni wa samaki.

Siti ya Mbele: Wa samaki ni nyavu.

Bati Jembamba: Nyavu ni wingi, rudi darasani.