Mrejesho: blogu mpya, wasomaji na kipato

Niliuliza kama niombe matangazo ya AdSense (huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa kuweka matangazo) mara moja au nisubiri blogu ipate wasomaji kwanza, na wengi wenu mlinishauri nisubiri. Ahsanteni sana.

Muda ambao ningeutumia kuhangaikia matangazo niliuelekeza kwenye ripoti za Google Search Console, zinazoonyesha maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta na mara ngapi kurasa zako hujitokeza. Makala yangu kuhusu kutunza betri ya simu ilikuwa ikionekana sana lakini haifunguliwi. Kumbe watu walikuwa wakiuliza kwa nini betri huvimba, jambo ambalo lilikuwa na aya moja tu, tena mwishoni. Nililipandisha juu, nikalipanua, na kichwa cha habari nikakifanya kuwa swali lao lenyewe. Sasa ndiyo makala inayoleta wageni wengi kuliko nyingine zote.

Matangazo yameshakubaliwa, ila kipato bado ni kiduchu: tangu 2024 AdSense hulipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa, na fedha hazitoki hadi zifikie dola 100, baada ya anwani kuthibitishwa kwa namba inayotumwa kwa posta salio linapofika dola 10. Kwa maoni yangu, mwenye wasomaji wachache ni heri ajaribu pia kamisheni, yaani kulipwa msomaji anaponunua kupitia kiungo chake, kwa bidhaa anazozifahamu vizuri, mradi awaambie wasomaji waziwazi kwamba analipwa. Orodha ya barua pepe za wasomaji, ambayo mmoja wenu aliisisitiza mno, nimeianza wiki hii.