Kwa nini hewa ipashwe moto kwa tao la umeme?

Swali: Ndugu zangu, kwa nini hewa ya kujaribia ngao za joto za vyombo vya angani hupashwa moto kwa tao la umeme (umeme unaoruka mfululizo hewani kama cheche kubwa), badala ya kuchoma gesi?

Jibu la 1: Mwako huacha mvuke wa maji, ilhali tao huipasha hewa yenyewe hadi maelfu ya nyuzi, molekuli za oksijeni zikavunjika kama chombo kinaporejea duniani. NASA Ames, kituo cha utafiti cha shirika la anga la Marekani huko California, wana hita ya aina hiyo ya megawati 60.

Jibu la 2: Naongeza kwamba elektrodi za shaba, yaani vipande ambavyo tao huruka kati yake, ingawa hupozwa kwa maji, huliwa polepole, ndiyo maana sumaku hulizungusha tao lisitue mahali pamoja. Chembe za shaba zikiingia, mkondo wa hewa huchafuka, nami naliona hilo kuwa tatizo zito.