Nina sarafu za arobaini 23 kwa kopo, niziweke ama nizitumie?

MamaMahamri:
Hamjambo wadau. Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Kisauni, Mombasa, saa kumi na moja alfajiri jiko lishawaka. Sasa tangu zamani kila nikipewa ile sarafu ya shilingi arobaini, ile ya Kibaki ya rangi mbili ilotoka 2003 ya miaka arobaini ya uhuru, huitoa kwa chenji nikaitia kwa kopo la maziwa. Sikuwa na mpango wowote, ni vile ilikuwa ikinichanganya, giza hilo unashika sarafu unadhani ni mbao, yaani ishirini, unampa mtu, ukifika mchana unahesabu unaona ulijitoa arobaini. Basi zimefika 23, hizo ni 920. Kijana wangu ameona video ati kuna mtu ananunua moja kwa laki mbili na sasa hapati usingizi. Babake anasema pesa ni pesa, tuongeze kidogo tujaze gesi. Mimi niko katikati. Juzi nilizimwaga kwa karai nikazisugua kwa ndimu na jivu nipige picha vizuri, zimeng'aa mashallah, imebaki moja tu sikuigusa kwa sababu hiyo ilikuwa safi hata mkwaruzo haina. Nifanyeje?

KondaMstaafu:
Mama tumia. Mimi nimebeba watu miaka kumi na mbili, abiria akinipa hiyo kitu namwambia nipe pesa ingine, si kwamba ni feki, ni vile ukirudisha kama chenji mwenzako anakataa mnaanza kelele na gari imejaa. Kitu watu wanaogopa kupokea utakiweka cha nini

sarafu_na_stempu:
Konda ulikuwa unakataa pesa halali bwana. Ile haijawahi kuondolewa. 2019 zilizokufa ni noti za zamani za elfu moja, mwisho ulikuwa 30 Septemba, sarafu hazikuguswa. Hata zilipotoka hizi za wanyama Desemba 2018, twiga kwa shilingi, faru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa mbao, za zamani ziliendelea kutembea nazo pamoja. Duka likikataa arobaini yako peleka benki.

Lakini mama, ndimu na jivu??? Nimesoma hapo nikaweka simu chini. Mkusanyaji hatafuti sarafu inayong'aa, anatafuta ile ngozi yake ya kwanza ilotoka nayo kiwandani. Jivu ni kama msasa, limeacha mikwaruzo midogo midogo, izungushe kwa mwanga wa dirisha utaiona. Na ndimu ni asidi. Hizo 22 kwa mkusanyaji sasa ni shilingi arobaini arobaini tu, pole sana. Hiyo moja usiiguse uso kwa vidole, ishike ukingoni, itie kwa karatasi safi kavu, isikae kwa kopo ikigongana na wenzake.

MamaMahamri:
Uuuwi. Na vile nilisugua na moyo wangu wote.

Mtoro_wa_Likoni:
Haha pole mamangu. Ila hiyo ya laki mbili nataka niseme kitu kabla kijana hajapiga simu. Binamu yangu alipiga. Jamaa mpole, kiswahili kizuri, akamwambia tuma picha, akatuma, akaambiwa hongera iko kwa orodha, sasa lipa 1,500 ya kusajiliwa ndo mnunuzi atoke Nairobi. Akalipa. Halafu ikawa kuna 2,000 ya cheti. Akalipa. Halafu simu ikazimwa. Sarafu bado anayo mpaka leo, shilingi arobaini ilomgharimu 3,500. Mnunuzi wa kweli ndiye anakulipa wewe, siyo wewe umlipe yeye, huyo kijana mwambie hivyo tu.

BintiLeicester:
Niko Uingereza huku na hii kitu ya kuweka sarafu za ukumbusho ni kama ugonjwa, mume wangu akitoka dukani lazima ageuze kila hamsini peni. Inayotafutwa sana ni ya Kew Gardens, ile bustani ya London, ya 2009, zilitengenezwa 210,000 tu, watu wanainunua mara nyingi zaidi ya thamani yake. Lakini angalia, kwa Olimpiki ya 2012 walitoa hamsini peni aina 29 na nyingi ya hizo ukienda nazo dukani utapata maziwa ya peni hamsini. Kuwa ya ukumbusho pekee haitoshi, lazima ziwe chache na lazima kuwe na watu wengi wanaoitaka. Kwa hiyo dada jiulize hapo Kisauni pekee wewe umepata 23 kwa kuuza mahamri, je ni adimu kweli?

dala_ya_babu:
Naongea kutoka Dar. Babu yangu alikuwa na dala tatu, yaani ile shilingi tano ya pembe kumi ya mwaka 1971, miaka kumi ya uhuru, ina sura ya Nyerere. Hiyo shilingi tano ndo tulikuwa tunaiita dala, ndo kisa cha jina daladala. Babu alizifunga kwenye leso akasema hii ni akiba. Aisee wakati anazifunga dala ilikuwa hela, leo hata pipi hupati. Angenunua kuku wakati ule wangekuwa wameshazaa kuku mia. Lakini mimi hizo dala siuzi hata kwa nini, ukizifungua bado zina harufu ya ile leso. Kwahiyo mama usichanganye mambo mawili, akiba ni akiba na kumbukumbu ni kumbukumbu, 920 zote ukizifungia kama akiba zinaliwa na bei za vitu humohumo kwenye kopo.

sarafu_na_stempu:
Dala umesema vizuri. Na niongeze kwa nini hata hivyo hiyo moja nisingeitumia. Kibaki hakuwekwa kwa sarafu nyingine ya matumizi, ni hiyo arobaini tu, zile za 2005 zilirudi na sura ya Mzee Kenyatta. Halafu katiba ya 2010 kifungu cha 231 ikakataza kabisa picha ya mtu kwa pesa. Kwa hivyo hata kama haina bei leo ina hadithi. Mama weka hiyo safi, na kama unataka ongeza mbili ulizosugua wapewe watoto kila mtu yake. Ishirini zilobaki ni 800, jaza gesi.

KondaMstaafu:
Na akienda kujaza gesi nazo zote ishirini apewe kiti, atahesabiwa hapo mpaka jioni

MamaMahamri:
Nimerudi. Jana nilikubali hivyo hivyo, ishirini nimezipeleka benki, msichana wa kaunta alikuwa hajawahi kuiona akamuita mwenzake wakaiangalia, wakanipa 800 bila maneno. Mbili nimeweka za watoto. Nikarudi kuitafuta ile safi niifunge kwa karatasi kama mlivyosema, siioni. Kumbe kijana, yule yule wa laki mbili, asubuhi alichukua iliyo mbele bila kuangalia akaenda nayo kununua maziwa. Na mwenye duka akadhani ni mbao akamrudishia chenji ya mbao! Nimeenda hapo na kanga ya kichwa inaning'inia, namwambia babu ile sarafu aliyokuja nayo mtoto wangu ni arobaini, naomba nikubadilishie na noti ya hamsini ubaki nayo yote. Akafungua droo akaitoa akaigeuza hivi karibu na macho, akasema aa, Kibaki huyu, hii siitoi mama, ila mbao yako nilokudhulumu hii hapa.